Saa Mbili Kabla ya Mkanda

Alama thelathini na nane. Huo ndio uzito wa kazi ya kumtunza mtu mwenye ulemavu nyumbani kwake, kwa nchi nzima, na aliyeupima ni mimi. Sisemi tu kwamba nilikuwepo ukipimwa. Nasema mwili uliofungwa mkanda ulikuwa huu huu, mgongo huu na moyo huu, mimi Restituta Haule wa Mfaranyaki, Songea. Wabeba machela wa hospitali walipata sabini na moja. Wafua mashuka walipata hamsini na tano. Sisi tunaoshinda na watu wasioweza kujigeuza kitandani tulipata thelathini na nane, alama mbili tu juu ya mlinzi wa geti, na mlinzi wa geti ana kiti.

Mizani hiyo ya kupima kazi tuliidai wenyewe, hilo ndilo linaloniuma. Zamani sote tulilipwa na serikali hiyo hiyo, lakini kila kundi lilikuwa na mdomo wake, na wenye mdomo mkubwa ndio waliokula vizuri. Wabeba machela ni wanaume, wana chama chenye ofisi na gari. Sisi ni wanawake, tumetawanyika majumbani kwa watu, hata kuonana ni mpaka kwenye misiba. Tukaandamana na aproni zetu mpaka kwa mkuu wa mkoa. Jibu likaja baada ya mwaka: iletwe mashine isiyojua mwanamume wala mwanamke, ipime kazi, ilipwe kazi.

Mashine yenyewe ni mkanda wa kiunoni, bangili mbili, na kibandiko chini ya mfupa wa bega. Inasoma mapigo ya moyo, pumzi, jasho, na misuli ya mgongo inavyokaza. Kwa kila aina ya kazi alichaguliwa mtu mmoja, akaitwa mpimwa, akafungwa mkanda siku kumi na nne. Mizani haigawanyi siku nzima sawasawa. Inatafuta zile saa mbili nzito kuliko zote, kwa sababu hizo ndizo zinazomvunja mtu, na uzito wa saa hizo mbili ndio unakuwa uzito wa kazi. Baada ya hapo kila mfanyakazi anavaa mkanda wake kila siku, ili ile alama ya kwanza ihakikiwe. Nani angebishana na kitu kama hicho? Siku ilipotangazwa tulicheza ngoma uwanja wa Majimaji, na mimi nilicheza mstari wa mbele.

Mashine za kunyanyua watu nazo zilikuja miaka hiyo hiyo. Zikaishia hospitalini. Mlango wa nyumba ya mtu haukujengwa kwa ajili ya mashine, kwa hiyo majumbani kinachonyanyua ni mgongo wako.

Baada ya kupimwa nilipewa ukufunzi. Ofisi, meza, kiyoyozi, na mshahara wa alama sabini. Nimekaa pale miaka mitatu nikifundisha wanawake kazi ya thelathini na nane.

*

Jumatatu ile nilikuwa na wanafunzi ishirini, na sanamu la mpira lenye uzito wa mtu likiwa kitandani. Nilikuwa nawaonyesha namna ya kumviringisha mgonjwa bila kumkwaruza ngozi. Mama mmoja kutoka Namtumbo akanyoosha mkono.

"Madamu, mkanda tunauvaa saa ngapi?"

"Ukishamwogesha na kumvika nguo," nikasema. "Mgonjwa akiwa uchi, kazi haipimwi. Mnajua kumbukumbu za Mizani ni za umma, yeyote anaweza kwenda kuzisoma, na jina la mgonjwa limo. Unataka jirani asome kwamba saa fulani mzee fulani alisaidiwa kupata choo? Heshima ya mtu kwanza, mkanda baadaye."

Wote wakaandika. Huwa wanaandika hapo. Ni somo langu zuri, nalijua kwa moyo, na kila ninapolisema natazama dirishani.

Nilipogeuka nikamwona Desideria Mapunda amesimama mlangoni. Desideria ni katibu wa chama chetu cha watunzaji, na tulianza kazi mwezi mmoja, mimi na yeye, tukigawana chapati moja. Alikuja kuchukua orodha ya majina. Hakuichukua. Alisubiri wanafunzi watoke wote, akafunga mlango, akakaa kitandani pembeni ya lile sanamu.

"Resti, ile mara ya kupimwa, mgonjwa wako, Mwalimu Ndunguru, ulikuwa unamwogesha saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Nina ulimi, nao haujawahi kunitupa. Lakini Desideria ananijua tangu nina kiuno chembamba.

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Na mkanda ulivaa saa ngapi?"

"Saa moja. Wale wa Mizani walikuwa wanafika saa moja."

 Nje walikuwa wanacheka wale wanafunzi, wanaagana.

"Siku zote kumi na nne?"

"Zote."

"Kwa hiyo saa mbili nzito ilizoziona Mizani ni zipi?"

"Kumlisha uji," nikasema. "Na kumsukuma uani kuota jua."

Nikaanza kujieleza haraka haraka. Desi, wewe unajua jinsi tulivyolelewa, mgeni anakuja nyumba inafagiliwa, watoto wanapanguswa pua. Wanakuja watu wa wizara na vyombo vyao, nitawaachaje wamkute Mwalimu analowa mkojo, yeye aliyewafundisha hesabu nusu ya mji huu? Nikawa naamka mapema nimsafishe, nimbadilishe, nimvike shati jeupe, ndipo nijifunge mkanda. Wakimkuta wanasema mama, unafanya kazi safi. Nilifanya kwa ajili yake.

Sentensi hiyo nimejiambia miaka mitatu. Nilipoisema kwa sauti mbele ya mtu mwingine, hata mimi sikuiamini. Ukweli ni kwamba ile "mama, unafanya kazi safi" ilinipendeza pia.

"Na hawa?" Desideria akaelekeza kidole mlangoni. "Umewafundisha hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Wizara walipotilia shaka ile alama mwaka jana, wakaihakiki na mikanda ya watu elfu kumi na moja. Ikalingana. Sisi tukasema basi, mashine haiwezi kukosea elfu kumi na moja. Kumbe wote wamefundishwa somo lako, na wewe au na wakufunzi uliowafundisha. Wote wanafanya kazi nzito kabla ya kazi kuanza."

Nilianza kulifunika lile sanamu shuka. 

"Ulijua lini, Resti?"

"Siku ile ile alama ilipotoka."

Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru. Desideria aliinuka polepole, kwa kushika chuma cha kitanda, kama anavyoinuka siku hizi.

"Mgongo wangu una skrubu mbili," akasema. "Nilipoomba fidia ya kuumia kazini walinijibu kwa barua. Walisema kazi ya thelathini na nane haivunji mgongo. Barua ninayo bado. Ijumaa alama zote zinafungwa, hazifunguliwi tena mpaka miaka kumi ipite. Mimi sitakwenda kukusemea. Utakwenda mwenyewe, au hutakwenda."

Akatoka bila ile orodha yake.

*

Nilikwenda Jumanne. Nisijisifu, sikulala wala sikula, nikaenda kwa sababu kubaki kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Baraza la Mizani la kanda liko ghorofa ya tatu, na mwenyekiti wake ni Bi. Nasra Mkomwa, mwanamke mfupi, mtaratibu, anayekusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza. Nikamwambia yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Maneno hayabadilishi kipimo," akasema. "Ningekuwa nakubali maneno, kila mtu angekuja na yake, na tungerudi kule tulikotoka. Kipimo kinasahihishwa na kipimo. Mpimwa yule yule, mgonjwa yule yule, saa zile zile. Wajumbe watatu washuhudie, na kila tendo litajwe kwa jina lake, liingie kwenye kumbukumbu."

"Kumbukumbu za umma?"

"Za umma. Hela ni ya umma." Akanitazama. "Mgonjwa lazima akubali. Asipokubali, hakuna la kufanya. Na wewe unajua ukufunzi hutabaki nao."

"Najua."

Nilijua. Nina nyumba naijenga Ruhuwiko, imefika kwenye linta, na nilipokuwa nashuka zile ngazi niliiona ikiota majani. Lakini kuna jambo baya kuliko hilo, na nitalisema kwa sababu nimeamua kusema. Nilitamani Mwalimu akatae. Akikataa, nitakuwa nimefanya yangu, nitamwambia Desideria nimejaribu, mzee wa watu hakutaka kuanikwa. Nilikwenda kwake nikiomba akatae.

*

Mwalimu Gaudence Ndunguru alifundisha hesabu miaka thelathini na sita. Mwaka aliostaafu alipanda juu ya bati kurekebisha paneli ya umeme wa jua, akaanguka, na tangu hapo mwili wake ni kichwa, mabega na mikono inayofanya nusu ya kazi. Mengine hayamsikii. Mimi nilimtunza miaka sita kabla ya kupewa ofisi. Sasa anatunzwa na Yustina, mama wa watoto wawili, mwanafunzi wangu wa kundi la kwanza kabisa nililofundisha.

Nilimkuta sebuleni kwenye kiti chake cha magurudumu. Yustina alikuwa anamkata kucha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Resti. Leo umetukumbuka? Maana wakubwa mkishapata kiyoyozi, kwetu mnaona joto."

Nilicheka kidogo, nikakaa, nikamweleza. Sikuficha hata kimoja. Yustina aliacha kukata kucha akabaki na ule mkono wa Mwalimu mkononi mwake. Mwalimu alinisikiliza akitazama ukuta, kama alivyokuwa anawasikiliza watoto wakikosea hesabu ubaoni, bila kuwasaidia.

"Saa mbili kwa siku," akasema nilipomaliza. "Watu elfu kumi na moja. Miaka mitatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Yustina, na wewe unaniogesha bila mkanda?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, Mwalimu," Yustina akasema. Hakunitazama. "Nilidhani hata nyie mnaotunzwa ndivyo mnavyotaka."

Mwalimu aliutazama tena ukuta. Nikasema, kwa haraka, kwamba halazimishwi. Nikasema kumbukumbu zitakuwa wazi, mtu yeyote atasoma, wanafunzi wake wa zamani watasoma, wengine ni wabunge sasa. Nikarudia mara mbili kwamba hakuna atakayemlaumu. Nadhani alinielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

"Waje Alhamisi," akasema. "Saa kumi na moja ile ile. Na atakayeniogesha ni wewe, siyo Yustina."

"Ndivyo kanuni inavyotaka, Mwalimu."

"Sikuuliza habari za kanuni."

*

Alhamisi saa kumi na moja kasoro robo wajumbe watatu walikuwa wamekaa sebuleni kwa Mwalimu na makoti yao, maana Songea mwezi wa saba si mchezo. Bi. Nasra alikuwa na kalamu na karatasi. Kijana wa mitambo anayeitwa Faraji alinifunga mkanda, akanivisha bangili, akabandika kile kibandiko. Kati ya sebule na chumba kulikuwa na pazia. Desideria alikuwa nje na wanawake kama kumi hivi, nasikia wakisugua viganja.

Niliingia. Chumba kilikuwa na harufu ninayoijua. Mwalimu alikuwa macho.

"Wananisikia?"

"Wanakusikia."

Basi akapaza sauti, ile sauti ya darasani ya kumfikia aliyekaa nyuma kabisa.

"Waheshimiwa, habari za asubuhi. Mimi ni Gaudence Ndunguru, nina miaka sabini na mmoja, kilo sabini na nane. Bi. Restituta atafanya, mimi nitataja. Andikeni. Kwanza, ananifunua. Nimelowa, mpira wa mkojo umetoka usiku. Anaondoa pampasi. Sio ya mtoto, jamani, msifikirie ya mtoto."

Kule sebuleni mtu alikohoa.

Nilimviringisha upande wa kushoto, nikamzuia kwa nyonga yangu, mkono mmoja ukimshika bega, mwingine ukisafisha. Miaka mitatu ya kukaa mezani ilinidai pale pale.  Zamani nilikuwa nikimwimbia taratibu wakati wa kazi hii, ili misuli yake isishtuke. Nikaanza.

"Usiimbe," akasema chini chini. Kisha kwa sauti: "Sasa ananisafisha. Nina kidonda cha kulalia anachopaswa kukiangalia, chini ya mgongo, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Akikigusa mimi sisikii. Yeye ndiye anayesikia. Sasa anavaa glovu nyingine, apate kunisaidia choo, maana utumbo wangu hausukumi. Anatumia kidole. Andika, Bi. Mwenyekiti. Umeandika?"

"Nimeandika," Bi. Nasra akajibu kutoka sebuleni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hiyo huchukua nusu saa. Tusubiri."

Tukasubiri. Nusu saa nzima nimeinama, na Mwalimu akawaeleza wale watu kila kilichokuwa kinatokea, neno kwa neno, bila kutafuta maneno laini. Mara moja tu sauti ilimkatika. Nikataka kumwambia inatosha, waheshimiwa wameelewa. Kabla sijafungua mdomo akaendelea.

Tulipofika kwenye kumhamisha kwenda kiti cha kuogea, miguu yake ikajitupa, kama inavyofanya ikiguswa na baridi. Nilikuwa nimemshika kifuani, uzito wake wote juu yangu, goti lake likanipiga tumboni, nikayumba. Mgongo uliita. Nilimkumbatia nikamkalisha, sijui kwa nguvu zipi. Nilikuwa nalia, na sikuwa na mkono wa kujifutia.

"Hapo amenidaka," Mwalimu akatangaza. "Angeniachia ningevunjika nyonga, na ingekuwa mara ya pili. Hii hutokea mara mbili au tatu kwa wiki. Yustina naye ananidaka, na yeye ana kilo hamsini na tano."

Nikamwogesha, nikamkausha, nikakifunga kidonda, nikamwekea mpira mpya, nikamvika. Saa moja kamili nilifungua pazia.

Faraji alikuwa ameinamia kioo chake. Aliwaonyesha wajumbe mstari, akaeleza kwamba amepunguza alama tatu kwa sababu ya umri wangu na miaka niliyokaa bila kufanya kazi hii. Ikabaki sabini na nne.

Bi. Nasra alisaini. Wajumbe wengine wawili wakasaini, bila mazungumzo, wakafungasha. Mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alikwenda mpaka kwenye pazia akasimama, akasema, "Ahsante, Mwalimu," na nilimsikia Mwalimu akimjibu kwa jina lake la kwanza. Kumbe naye alikuwa mwanafunzi wake.

Nje hakuna aliyepiga vigelegele. Desideria alipoambiwa alikaa chini kwenye ngazi, akajifunika uso na khanga. Wenzake wakamzunguka. Mmoja alinishika mkono, akanishukuru, na mimi sikujua niuweke wapi ule mkono baada ya kuachiwa. Faraji akanivua mkanda. Bi. Nasra akaniambia barua ya ukufunzi itanifikia Jumatatu.

Nikarudi ndani kuchukua beseni.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, shati jeupe, nywele zimelowa. Alionekana mzee kuliko saa mbili zilizopita. Nilipiga magoti kukusanya mataulo, na nikiwa pale chini, bila kumtazama, nikasema lile nililokuwa nimelibeba.

"Nisamehe, Mwalimu. Nilitaka kukuhifadhi. Sikutaka watu wakuone."

"Siku zile unaniamsha mapema," akasema, "nilidhani ni agizo la Mizani. Nilivumilia, nikajua ndivyo kipimo chao kilivyo."

"Hapana. Ilikuwa ni mimi."

"Nimejua Jumanne." Alingoja mpaka nikainua uso. "Kabla ya hapo hukuniuliza, Resti. Hata siku moja."

"Niliogopa utaona aibu."

"Naona. Asubuhi hii nimeona aibu mpaka nikatamani kufa." Alisema hivyo bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Lakini ungeniuliza siku ya kwanza, ningekubali. Siku ile ile ya kwanza. Ningekubali."

Nilibaki na yale mataulo kifuani. Miaka mitatu nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujishikilia, nacho ni kwamba nilifanya kwa ajili yake.

Yustina alikuwa mlangoni na kikombe cha uji, mkanda wake kiunoni, akingoja nimpishe. Nikainuka, nikampisha.